Shahada Moja, Bei Nne

Jumapili, 7 Septemba

Chai, mkate, gazeti. Mvua hakuna.

Barua ya binti yangu ilifika juzi. Kapata nafasi chuo kikuu, shahada ya upimaji ardhi. Wa kwanza katika nyumba hii. Mimi niliishia kidato cha nne na mama yake vilevile. Mama yake alipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio kuuliza kuna nini.

Fomu ya kukubali nafasi isainiwe na mzazi, irudishwe dirishani kwa msajili kabla ya Ijumaa, saa sita mchana. Ikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Binti kaniwekea fomu mezani, na kalamu juu yake, kofia imeshatolewa.

Sikusaini. Miaka ishirini na sita ni mtunza stoo katika kiwanda cha samani za ofisi. Sijawahi kusaini kupokea mali nisiyoijua bei.

Gazeti la leo linasema mwenye shahada hulipwa, kwa wastani, mara mbili ya asiyekuwa nayo. Wastani! Stooni nina bolti za milimita kumi na mbili, namba B-12. Chukua ya juu ya boksi, chukua ya chini, bei ni ileile. Shahada nayo ni bidhaa. Lazima ina bei yake moja, na aliyeificha nitamjua.

Mchana tulikwenda kwa dada yangu. Ukutani ana picha ya siku ya kuhitimu. Watu wanne wamevaa majoho, wameshikana mabega. Chuo kimoja, mwaka mmoja, shahada moja ya biashara. Bolti nne za boksi moja! Kutoka kushoto: dada yangu, Kichwa (ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani), Mrefu, na Bosi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kubeba begi lake mwenyewe.

Nikaomba niazime picha. Dada akauliza ya nini. Nikasema kumbukumbu. Akaniangalia kama anayeangalia maziwa yanayotaka kufurika.

Mpango: siku nne, watu wanne. Alhamisi jioni jibu, Ijumaa asubuhi sahihi. Ili hesabu iwe safi, kipimo ni mshahara wangu. Mshahara wangu = 1.

Binti akauliza kama haiwezekani nisaini kwanza nichunguze baadaye. Mama yake akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka. Fomu nimeitia mkobani. Kesho inakwenda kukaa mahali salama.

Jumatatu, 8 Septemba

Fomu imeingia stoo saa mbili kasorobo. Nimeiandika kwenye leja: "Fomu ya chuo, karatasi, idadi 1, rafu F." Kisichokuwa kwenye leja hakipo.

Karani wa mishahara kapita mlangoni. Mwanawe naye kapata chuo, na fomu yake ilirudishwa siku ileile barua ilipofika. Kalisema hilo mara tatu, mara ya tatu akiwaambia mafundi. Akaniuliza, "Profesa wa Nati, ya binti yako vipi?" Nikajibu iko katika hatua ya uchunguzi. Akasema hata yeye huchunguza, lakini huchunguza samaki sokoni. Mafundi wakaangua kicheko. Akaondoka akikumbusha kwamba Ijumaa ni kuhesabu mali. Kama vile nimesahau! Kanuni za kuhesabu mali niliziandika mimi, zote kumi na mbili.

Jioni, mtu wa kwanza: dada yangu. Ni mhasibu msaidizi katika shule ya kulipia. Mtu humuulizi mshahara wake hivihivi, kwa hiyo nilianza na bei ya viatu vyake nikitaka kupiga hesabu kurudi nyuma. Viatu alipewa na rafiki. Nikauliza bei ya pazia. Akaniambia kaka, uliza unachotaka kuuliza, chakula kinapoa.

Analipwa 1 na robo. Dereva wa basi la shule analipwa 1 na nusu! Nikauliza wapi kumevuja. Akasema alizaa mara mbili, na mara zote mbili aliporudi alikuta nafasi yake ina mtu, akaanzishwa chini. Miaka yake ya nyuma ikahesabiwa haikuwapo. Nikaandika: "Upungufu. Sababu: watoto, idadi 2." Akaninyang'anya kalamu. Akauliza kama mume wake, ambaye ndiye baba wa hao watoto wawili, amepunguziwa chochote. Nikaangalia fomu yangu ya utafiti. Hakuna nafasi ya mume.

Akaongeza kuwa wenzake wa mtaani walioishia kidato cha nne, wanawake kama yeye, hawafiki hata nusu, na kwamba hao ndio wa kumlinganisha nao. Nimeliandika pembeni: haihusiki.

Kalamu hajairudisha.

Jumanne, 9 Septemba

Ruhusa ya saa mbili. Nimevaa koti la harusi yangu. Halifungiki, nilishika mkoba mbele kuficha.

Bosi ana ofisi katika kampuni ya bima. Ghorofa ya nne, zulia, kiti kinachozunguka. Kiti ni chetu, toleo la tatu, kimefungwa kwa bolti B-12. Nilifarijika kuiona.

Hila yangu: nilijifanya mteja. Nikasema nataka bima lakini sijui mtu wa maana hujikatia ya kiasi gani, kwa mfano mtu kama yeye. Akavimba kichwa palepale. Akasema kampuni imemkatia ya mishahara ya miaka mitatu, akataja na jumla. Nikagawa kwa thelathini na sita chini ya meza.

4. Mara nne yangu!

Nikamsifu, nikasema lazima alikuwa moto darasani. Akacheka kwa moyo mweupe kabisa. Alikuwa wa pili kutoka mwisho. Kazi aliipata hata matokeo hayajabandikwa. Katika usaili mjomba wake alikuwa mmoja wa wanaouliza, na swali alilouliza ni kama mama hajambo. Hajambo, akajibu, na wiki iliyofuata akaanza kazi. Hana kiburi nalo. Alisimulia kama mtu anayesimulia mvua ilivyonyesha.

Nikaandika: "Mjomba, idadi 1."

Kutoka hakukuwa rahisi. Nilikuwa mteja, na mteja huwa anaondoka na kitu. Nimesaini bima ya miaka kumi ya kuanguka kutoka kwenye ngazi. Ngazi ya stoo ina vidato vitatu.

Mke wangu kauliza: bima nimesaini dakika kumi, fomu ya mtoto siku ya nne sijasaini? Nikamweleza kuwa hayo ni mambo mawili tofauti. Kaniwekea chakula na kuondoka na taa ya mezani.

Jumatano, 10 Septemba

Mtu wa tatu: Kichwa. Nilimtarajia mahali pakubwa. Nikaelekezwa kibanda cha fotokopi mkabala na geti la chuo chenyewe. Mashine moja, kompyuta moja, miwani iliyofungwa kwa uzi.

Fomu ya binti nilikwenda nayo, nimeitoa stoo kwa vocha, ili anitajie bei ya kozi yenyewe. Picha pia, aitoe nakala moja kwa ajili ya jalada langu.

Yeye hakuhitaji hila. Nilipouliza alijibu kama anayetaja saa. Robo tatu. Chini yangu! Wa kwanza darasani, anamzidi Bosi kwa alama hata hazihesabiki, na nikimlipa nauli atanishukuru.

Mashine ikiendelea kunguruma akaeleza. Wiki aliyohitimu mama yake alikuwa kitandani na wadogo zake watatu walikuwa wanataka kula. Wenzake walikaa nyumbani wakisubiri kazi ya kuwafaa. Yeye hakuweza kusubiri hata mwisho wa mwezi. Alichukua kazi ya kwanza iliyopita, kampuni ikafa mwaka wa pili, na miaka hiyo hakuna aliyekuwa akiajiri. Sasa anachapa tasnifu za wengine. Akichapa, anasahihisha. Wenyewe wanapandishwa vyeo, wakija tena wanamwomba punguzo.

Nikaandika: "Haraka."

Akaichukua fomu ya binti, akaisoma yote, na kidole kikasimama kwenye tarehe. Akauliza mbona haina sahihi. Nikamweleza utafiti. Akauliza binti hesabu anaziweza? Nikasema swali hilo halimo kwenye fomu yangu. Akauliza yeye mwenyewe anaitaka kozi hiyo? Halimo pia. Akavua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko inavyostahili miwani ya ukubwa ule. Kisha akaniambia nikae, mashine inachemka.

Kanitoza nakala mbili. Nilitaka moja! Nikahesabu mbele yake: picha, moja. Akasema ni mbili, bwana mkubwa, lipa twende. Nimelipa kwa kupinga. Tofauti ya karatasi moja nimeiandika kwa wino mwekundu.

Fomu imerudi rafu F saa nane na dakika tano.

Jioni dada yangu kaja bila taarifa. Kakaa jikoni na mke wangu, wananong'ona. Nilipoingia wakaanza kuzungumzia vitunguu.

Alhamisi, 11 Septemba

Binti katoka alfajiri, kavaa vizuri. Kasema shangazi yake kamtuma.

Mtu wa nne: Mrefu. Nimemkuta kwenye jengo jipya, kapiga magoti anaweka vigae. Nikasikitika. Shahada nzima, magotini! Nikakadiria nusu.

3 na nusu.

Ana kaka zake wanne hapohapo, wote hawakuvuka kidato cha pili, kazi ileile, vigae vilevile, na kila mmoja ana 1 na robo tatu. Ila barua za zabuni anaandika yeye. Makadirio ya jengo zima anapiga yeye. Mhandisi akija na maneno marefu anajibiwa na yeye. Baba yao ndiye aliyekuwa na kazi, majina na wateja. Mrefu akasema shahada bila baba ingemwacha akizunguka na bahasha, na baba bila shahada angemwacha kama kaka zake. Kaka mmoja akasema, "Na magoti je, shahada inayasaidia?" Wakacheka wote watano.

Nikaandika: "Magoti mabovu."

Nikarudi hatua moja nyuma kumwangalia vizuri urefu. Nikakanyaga kigae kibichi. Kisha cha pili nikijaribu kutoka kwenye cha kwanza. Mrefu hakukasirika, aliniletea tu kinga za magoti na mwiko. Nimevirudishia mwenyewe. Vilikuwa sita. Kaka zake walisema nina mkono, na kwamba nikikosa pa kwenda niende.

Usiku hesabu. 1 na robo, robo tatu, 3 na nusu, 4. Gawa kwa nne. Mbili na kidogo! Gazeti lilisema kweli. Ila kati ya wanne hakuna hata mmoja anayelipwa mbili na kidogo. Wastani upo, mwenyewe hayupo.

Binti alinichungulia mabegani. Akasema bolti ileile inafunga kiti cha mkurugenzi na kiti cha mlinzi wa geti. Nikamwambia sawasawa, na bei ya bolti haibadiliki. Akasema, "Lakini kiti, baba?" Nikamwambia akalale.

Nikatafuta sababu. Si alama: wa kwanza ndiye wa chini. Si bidii. Si kozi, kozi ni moja. Saa nne kasoro nikaiegemeza picha kwenye sukari na kuitazama. Nikaona!

Kushoto, dada yangu na Kichwa. Kulia, Mrefu na Bosi. Wawili wa kushoto hawana kitu, wawili wa kulia wanacho. Na hata kati ya hao wa kulia, wa mwisho kabisa ndiye mwenye zaidi!

Kesho nasaini.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika kwa utulivu.

Saa moja asubuhi nilikuta mlango wa stoo umebandikwa utepe wenye mhuri. Kuhesabu mali. Karani wa mishahara kasimama na ubao wa kuandikia, kavaa tai. Nikamwambia naingia mara moja, nachukua karatasi yangu. Akauliza imo kwenye leja? Nikasema imo. Akafungua kanuni za kuhesabu mali na kunisomea ya tisa, pole pole, mbele ya mafundi: kitu chochote kilichomo kwenye leja hakitatoka stoo mpaka rafu yake ihesabiwe na msimamizi wa hesabu asaini. Akauliza nani aliyeiandika kanuni nzuri namna ile.

Tulianza na rafu A. Skrubu. Elfu kumi na moja na mia nne na kitu. Nilihesabu haraka, akasema turudie.

Saa nne, rafu B. Saa tano na nusu, katikati ya C, bawaba za milango. F ilikuwa ya alasiri.

Maji yakanifika shingoni. Nikamvuta karani pembeni nikamwambia ni karatasi gani. Nikajiandaa kuchekwa. Hakucheka. Akaangalia saa, akauliza ile fomu? Ya mtoto? Bado? Akatembea moja kwa moja mpaka rafu F, akahesabu kwa sauti "fomu ya chuo, moja," akasaini vocha akiwa amesimama, akanisukuma mgongoni. Ningependelea angecheka.

Nilikimbia. Mara ya mwisho nilikimbia nikiwa shuleni. Kofia ilibaki njiani, kalamu nilikuwa sina, nikaazima kwa muuza magazeti na kusaini juu ya kichwa cha habari chake.

Saa sita na dakika ishirini. Dirisha limefungwa.

Nikagonga. Nikagonga tena. Mama wa dirishani akafungua inchi moja na kusema muda umekwisha. Nikamwambia ni ya binti yangu. Nikataja majina yake yote matatu. Nikamwambia kosa ni langu, yeye alinitolea hata kofia ya kalamu. Sikujua ningesema hivyo.

Akapitisha kidole kwenye orodha. Akasema mbona yake ilipokelewa jana asubuhi, imesainiwa na mama yake. Nikasema haiwezekani, fomu ni hii hapa mkononi. Akasema ile ni nakala, nakala zinakubaliwa, tena safi, imetolewa hapo mkabala. Kisha akaniangalia vizuri. Akauliza kama mimi ndiye yule baba wa utafiti.

Nikakaa kwenye benchi nje ya jengo. Dakika kumi na nne.

Nyumbani binti alinieleza yote bila kuzunguka. Kichwa alitoa nakala ya fomu nilipokuwa naangalia mashine ikichemka. Akampa dada yangu, dada yangu akamletea mama, mama akasaini jikoni, juu ya ubao wa kukatia vitunguu. Akauliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. Nilimwambia ahsante kwa taarifa. Akanishika bega kidogo, akaondoka.

Tofauti ya karatasi moja imejibiwa. Wino mwekundu nimeufuta.

Jumapili, 14 Septemba

Chai, mkate. Gazeti sikununua.

Kichwa nimempelekea miwani, fremu mpya. Kaipokea. Kaniuliza utafiti umeishia wapi. Nikamwambia jibu limepatikana na ni la hakika, lakini kwake limechelewa. Nikamwonyesha kwenye picha. Akaanza kucheka mpaka akazima mashine.

Picha nimeirudisha kwa dada. Nilimweleza naye. Akaingia chumbani akatoka na picha ya pili, siku ileile, majoho yaleyale. Katika hiyo yeye ndiye wa mwisho kulia, na Bosi yuko kushoto kabisa anafunga kamba ya kiatu. Nimeichunguza kwa haki. Imepigwa dakika chache baadaye, mambo yalishaamuliwa. Haihusiki.

Kalamu yangu karudisha.

Jioni, mazoezi. Miaka minne si mingi, na siku ya kuhitimu, wakati wa picha, kutakuwa na msukumano. Nikapanga sebuleni: kiti, kiti, mama yake, binti. Binti mwisho kabisa kulia. Nikachora chaki sakafuni pa kuweka miguu. Nikamwambia ashike hapo, asikubali kusukumwa na mtu, hata rafiki. Mama yake alisimama kwa sharti kwamba mboga ikiungua nitaila mimi. Nikarudi nyuma, nikatazama. Ilipendeza sana. Nilitulia moyoni kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Ndipo binti, akiwa wima kwenye chaki, akauliza: kulia kwa nani? Kwa anayepigwa picha au kwa anayeitazama?

Sikuwa nimelifikiria.

Mboga imeungua. Nimeila. Nimefungua jalada jipya.